Saratani ya chini ya puru: upasuaji kwanza, au tiba kabla ya upasuaji?

Mtu akishaambiwa ana saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, tena iko chini kabisa karibu na njia ya haja kubwa, swali la kwanza huwa moja: kama mmeuona uvimbe, kwa nini msiutoe wiki hii? Kuambiwa asubiri miezi kadhaa huku akipewa mionzi na dawa, uvimbe ukiwa bado mwilini, humfanya ahisi anacheleweshwa. Mara nyingi hacheleweshwi. Ila kuna wagonjwa ambao kwao upasuaji wa moja kwa moja ndio sahihi, na wengine ambao wakipata tiba nzuri hawatahitaji upasuaji mkubwa kabisa. Nitaziweka njia hizi pamoja ili ukikaa na madaktari wako ujue wanazungumzia nini, na uweze kusema wewe unataka nini.

Tuanze na kinachoufanya uvimbe wa chini uwe tofauti. Puru ina urefu wa takriban sentimita 15, na uvimbe ulio ndani ya sentimita 5 hivi kutoka ukingo wa njia ya haja kubwa huitwa wa chini. Sehemu ya juu ya puru imefunikwa na tabaka nene la mafuta lenye mishipa ya damu na tezi za limfu. Daktari wa upasuaji hupita nje ya tabaka hilo na kulitoa zima pamoja na puru, kama kifurushi ambacho hakijafunguliwa. Kadiri unavyoshuka, tabaka hilo huwa jembamba, mpaka linaisha kabisa kwenye sakafu ya nyonga. Pale chini uvimbe unakaribiana na misuli inayobana njia ya haja kubwa, na mwenye kisu hana nafasi ya kupita bila kukaribia saratani au kuondoa misuli hiyo. Kwa hiyo mambo mawili yako hatarini kwa wakati mmoja: saratani kurudi palepale nyongani, na mgonjwa kuishi na mfuko wa kinyesi tumboni maisha yake yote.

Kabla ya kulinganisha chochote

Usikubali kuchagua njia yoyote kabla ya kupigwa MRI ya nyonga, yaani picha za ndani zinazopigwa kwa sumaku. Kidole cha daktari na kamera ya kolonoskopi huonyesha uvimbe ulivyo kwa ndani. MRI ndiyo inayoonyesha umepenya wapi kwa nje. Muulize daktari mambo manne yaliyo kwenye ripoti hiyo: uvimbe uko sentimita ngapi kutoka ukingo wa njia ya haja kubwa, umegusa misuli ya kubana au sakafu ya nyonga au la, umebaki umbali gani kutoka mpaka ambao mpasuaji atapita, na kama umeingia kwenye mishipa ya damu iliyo nje ya ukuta wa puru. Umbali wa milimita 1 au chini yake kutoka mpaka huo huhesabiwa kuwa hatari. Hiyo milimita moja ndiyo mara nyingi inayoamua yote yanayofuata.

Kipimo cha CT cha kifua na tumbo kinahitajika pia, kuona kama saratani imefika kwenye ini au mapafu. Na kile kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe kipimwe kama seli zake zina kasoro katika mfumo wa kurekebisha makosa ya vinasaba. Nitaeleza mbele kwa nini kipimo hiki, ambacho wengi hawakiulizii, kinaweza kugeuza mpango mzima.

Upasuaji kwanza dhidi ya tiba kwanza

Mwaka 1982 mpasuaji Mwingereza Bill Heald na wenzake walieleza umuhimu wa kulitoa lile tabaka la mafuta zima bila kulichana. Mbinu hiyo peke yake ilipunguza sana saratani kurudi nyongani, na ikazua swali zuri: mpasuaji akiwa stadi kiasi hicho, mionzi bado ina kazi? Waholanzi walilijibu kwa utafiti mkubwa uliotangazwa 2001. Wagonjwa wote walifanyiwa upasuaji wa aina hiyo, nusu yao wakipata mionzi ya siku tano kabla. Baada ya miaka miwili, saratani ilikuwa imerudi nyongani kwa asilimia 2.4 ya waliopata mionzi, na asilimia 8.2 ya waliokatwa moja kwa moja. Idadi ya waliokuwa hai katika miaka hiyo miwili haikutofautiana.

Shika hiyo sentensi ya mwisho. Mionzi kabla ya upasuaji kazi yake kubwa ni kuzuia ugonjwa usirudi nyongani. Haijathibitika kwamba, ukiwa na upasuaji mzuri, inarefusha maisha. Wapo watakaokuambia basi haina maana. Mimi sikubaliani nao. Saratani iliyorudi nyongani hubana neva na mifupa, huleta maumivu makali yasiyotulia, na kuitoa mara ya pili ni vigumu sana. Kuikwepa hiyo ni faida kubwa hata kama hesabu ya miaka haibadiliki.

Wengine huuliza kama tiba haiwezi kutolewa baada ya upasuaji, wakati tayari imejulikana ugonjwa umefika wapi. Wajerumani walilinganisha, wakatangaza matokeo 2004. Waliopata mionzi na dawa kabla, saratani ilirudi nyongani kwa asilimia 6 ndani ya miaka mitano. Waliopata baada, asilimia 13. Madhara makali ya muda mfupi yalikuwa asilimia 27 kwa 40, na ya muda mrefu 14 kwa 24. Kabla imeshinda baada kwa mambo yote hayo. Sababu inaeleweka: kabla ya kukatwa, damu na oksijeni bado zinafika vizuri kwenye uvimbe, na mionzi ikipata hewa hiyo inafanya kazi zaidi. Vilevile utumbo mwembamba haujaporomoka kujaza pengo lililoachwa nyongani, ambapo mionzi ingeuunguza.

Utafiti huohuo una onyo kwa upande wa pili. Kati ya waliokatwa kwanza, asilimia 18 walikutwa na ugonjwa wa hatua ya mwanzo kuliko vipimo vilivyodhani. Watu hao wangepewa tiba kwanza, wangebeba mionzi wasiyoihitaji. Ndiyo maana uvimbe mdogo ambao haujavuka msuli wa ukuta wa puru, tezi za limfu zikiwa safi na mpaka ukiwa mbali, kwa kawaida unaweza kwenda kwa mpasuaji moja kwa moja. Hapo tiba kwanza hufikiriwa kwa sababu nyingine tu: mgonjwa ambaye upasuaji wake ungemwondolea njia ya haja kubwa anataka kujaribu kuiokoa.

Siku tano dhidi ya wiki tano

Mionzi ya kabla ya upasuaji hutolewa kwa njia mbili kuu. Kwenye jedwali, Gy ni gray, kipimo cha kiasi cha mionzi.

| | Mionzi mifupi | Mionzi mirefu |
|---|---|---|
| Kiasi | Gy 5 kwa siku, siku 5, jumla Gy 25 | Gy 1.8 hivi kwa siku, vipindi 25 hadi 28, jumla Gy 45 hadi 50.4 |
| Dawa wakati wa mionzi | Hakuna | Vidonge vya kapesitabini au dripu ya 5-FU |
| Upasuaji | Ndani ya wiki moja hivi, au baada ya wiki 4 hadi 8 na zaidi | Kwa kawaida wiki 8 hadi 12 baadaye |
| Uvimbe kusinyaa | Kidogo ukikatwa mapema, zaidi ukisubiri | Zaidi |

Kwa mgonjwa anayeishi mbali na mashine, au mzee ambaye vidonge vya kemo (dawa za kuua seli za saratani) vingemchosha, siku tano ni nafuu kubwa. Utafiti wa Stockholm III ulionyesha kwamba kusubiri wiki kadhaa baada ya mionzi mifupi hakuzidishi saratani kurudi, na matatizo baada ya upasuaji hupungua.

Lakini kwa uvimbe wa chini mimi huelekea kwenye mionzi mirefu pale mpaka unapotishiwa. Utafiti wa Australia na New Zealand uliotangazwa 2012 ulikuta, kwa wagonjwa wote, saratani imerudi nyongani kwa asilimia 7.5 ya waliopata mionzi mifupi na 4.4 ya waliopata mirefu, tofauti ambayo kitakwimu inaweza kuwa bahati tu. Kwa wale wenye uvimbe wa chini walikuwa 6 kati ya 48 dhidi ya 1 kati ya 31. Idadi ni ndogo mno kuwa hukumu, lakini inatosha kunifanya niwe mwangalifu.

Kuna ahadi moja ambayo ningependa isitolewe kirahisi: kwamba mionzi itasinyaza uvimbe na misuli itaokolewa. Wapoland walilinganisha mionzi mifupi ikifuatwa na upasuaji wa haraka na mionzi mirefu yenye dawa. Uvimbe ulisinyaa zaidi sana kwa mirefu, hata kutoweka kabisa kwa asilimia 16 dhidi ya asilimia 1. Ila waliobaki na misuli yao walikuwa asilimia 58 kwa mirefu na 61 kwa mifupi. Uvimbe kupungua kwa sentimita moja hakumpi mpasuaji uhuru, kwa sababu mara nyingi yeye hukata kwa kufuata ulipokuwa mwanzo. Katika utafiti wa Wajerumani, kati ya wale ambao kabla ya tiba mpasuaji alisema misuli haitapona, ilibaki kwa asilimia 39 waliotibiwa kwanza dhidi ya 19. Faida ipo, lakini si ya kila mtu. Ukiuliza, uliza kuhusu uvimbe wako na misuli yako.

Mionzi peke yake dhidi ya tiba yote kabla

Kinachoua wengi sasa ni saratani kusambaa kwenye ini na mapafu, na mionzi ya nyonga haiwezi kufika huko. Zamani kemo ya kuzuia hilo ilitolewa baada ya upasuaji, na wagonjwa wengi walikuwa wamechoka kiasi cha kushindwa kuimaliza. Ndipo likaja wazo la kuitoa yote mapema, pamoja na mionzi, kabla ya kisu.

Tafiti mbili za 2021 ndizo zinazotajwa zaidi. RAPIDO ilitoa mionzi ya siku tano kisha wiki 18 za kemo yenye oksaliplatini. Katika miaka mitatu tiba ilishindwa kwa asilimia 23.7 dhidi ya 30.4 ya mpango wa kawaida wa mionzi mirefu yenye dawa kisha upasuaji, na uvimbe ulikutwa umetoweka kabisa kwenye nyama iliyokatwa kwa asilimia 28 dhidi ya 14. PRODIGE 23 ya Ufaransa ilianza na kemo nzito ya miezi mitatu, ikafuata mionzi mirefu: waliokuwa hawana ugonjwa baada ya miaka mitatu walikuwa asilimia 76 dhidi ya 69, na ufuatiliaji wa baadaye ulionyesha hata maisha yamerefuka.

Kwa uvimbe wa chini kuna jambo la kuangalia. RAPIDO ilipofuatiliwa miaka mitano, saratani ilikuwa imerudi nyongani kwa asilimia 10 hivi kwenye kundi jipya dhidi ya 6 kwenye lile la kawaida. Yaani kundi ambalo saratani ilisambaa mwilini kidogo zaidi ndilo ambalo ilirudi nyongani zaidi. Kwa mtu ambaye nyonga ndiyo uwanja wake wa hatari, ningemuuliza daktari kama mionzi mirefu pamoja na kemo haingefaa zaidi.

Tiba hii ina gharama mwilini. Oksaliplatini huacha ganzi na kuwasha vidoleni, na kwa wengine haiishi. Fundi cherehani, mpiga gita, yeyote anayetegemea vidole vyake, amwambie daktari kabla ya dripu ya kwanza.

Mtu anaweza pia kukuletea habari ya utafiti wa PROSPECT wa 2023, kwamba kemo bila mionzi inatosha. Ni kweli kwa waliochaguliwa, lakini waliokuwa wakihitaji kuondolewa misuli ya kubana hawakuingizwa. Kwa uvimbe wa chini kabisa, jibu hilo si lako.

Kukatwa dhidi ya kusubiri kwa uangalizi

Hapa ndipo mambo yamebadilika zaidi, na uvimbe wa chini ndio wenye cha kupata.

Angelita Habr-Gama, mpasuaji wa São Paulo nchini Brazil, alithubutu kufanya ambacho wenzake walikiona hatari: wagonjwa ambao uvimbe ulitoweka kabisa baada ya mionzi na dawa hakuwakata. Aliwafuatilia kwa karibu. Katika ripoti yake ya 2004, kati ya wagonjwa 265, 71 walifuata njia hiyo na walifanya vizuri. Miaka mingi alipingwa. Sasa ni chaguo linalokubalika katika miongozo mingi.

Takwimu za kuaminika zaidi zilikusanywa kutoka nchi 15 na kutangazwa 2018: wagonjwa 880 ambao uvimbe wao ulitoweka. Baada ya miaka miwili, uliota tena kwa robo yao hivi. Karibu wote, asilimia 97, ulionekana kwenye ukuta wa puru, mahali ambapo kidole na kamera vinafika. Hii ndiyo sababu uvimbe wa chini unafaa kwa njia hii kuliko wa juu: daktari anaugusa. Na utafiti wa OPRA wa Marekani, wa 2022, ulionyesha mpangilio una uzito: walioanza na mionzi kisha kemo, asilimia 53 walikuwa bado na puru yao baada ya miaka mitatu, walioanza na kemo kisha mionzi, asilimia 41. Kama nia yako ni kuokoa kiungo, omba mionzi itangulie.

Kukatwa kunakupa jibu lililo wazi. Nyama inakwenda maabara, unajua kilichokuwamo, na hofu ya kuota tena ukutani inaisha. Kusubiri kunakuachia mwili wako mzima, lakini unakuwa mgonjwa wa ratiba: kupimwa kwa kidole na kamera kila miezi mitatu au minne kwa miaka miwili ya kwanza, MRI kila miezi sita hivi, kipimo cha damu cha CEA (alama ya saratani), na kuendelea kwa nafasi ndefu zaidi baadaye. Ukiota tena na kugunduliwa mapema, upasuaji kwa kawaida bado unawezekana. Usipogunduliwa mapema, umepoteza nafasi.

Kwa hiyo nasema wazi: mtu ambaye hawezi kurudi kliniki, kwa umbali, kwa fedha au kwa tabia yake, asichague kusubiri. Wala asichague ambaye uvimbe umebaki kidogo lakini anaogopa kisu. Masharti ya kusubiri ni kutoweka kabisa. Kovu jeupe laini, kidole kisichohisi kitu, MRI safi. Uvimbe uliobaki nusu ni saratani iliyobaki.

Mfuko dhidi ya mshono wa chini

Ikifika siku ya upasuaji, wengi huomba kitu kimoja: wasiwekewe mfuko. Nawaelewa kabisa. Lakini kuunganisha utumbo chini kabisa, hasa baada ya mionzi, mara nyingi huleta haja za ghafla, kwenda chooni mara nyingi kwa siku, na kuvuja usiku. Wapo wanaozoea baada ya mwaka au miwili, na wapo wanaoishi wakiwa hawawezi kwenda mbali na choo. Mtu ambaye misuli yake ilikuwa dhaifu tangu mwanzo anaweza kuishi vizuri zaidi na mfuko uliowekwa vizuri kuliko na mshono usiomtii. Kabla ya tiba kuanza, mweleze mpasuaji jinsi unavyojizuia haja sasa hivi. Kwa uamuzi huu, jibu lako lina uzito kuliko MRI.

Pale kinyama kinapotoa jibu tofauti

Saratani za puru kati ya asilimia 5 na 10 zina ile kasoro ya kurekebisha vinasaba niliyoitaja mwanzo. Hawa huwa hawasikii vizuri kemo ya kawaida, lakini wanasikia sana tiba ya kinga, yaani dawa zinazoamsha kinga ya mwili ipambane na saratani. Mwaka 2022 madaktari wa Memorial Sloan Kettering, New York, walitangaza wagonjwa 12 waliopewa dostarlimabu, dawa mojawapo ya aina hiyo, kwa miezi sita bila mionzi wala upasuaji. Uvimbe ulitoweka kwa wote 12. Kufikia 2025 waliokamilisha tiba walikuwa 49, na kwa wote ulitoweka. Dawa hii ni ghali na haipatikani kila mahali, lakini kupima kinyama hakuhitaji uwe nayo. Mgonjwa wa aina hii asianzishwe mionzi kabla ya swali hili kujibiwa.

Kabla ya kipindi cha kwanza cha mionzi

Mionzi ya nyonga huzima ovari na inaweza kumfanya mwanamke akome hedhi akiwa bado kijana. Hudhuru pia mfuko wa uzazi, na uke unaweza kubana usipotunzwa. Kwa mwanamume hupunguza mbegu na nguvu za kiume. Mwenye nia ya kupata mtoto azungumze juu ya kuhifadhi mbegu au mayai, au kuhamishwa ovari nje ya eneo la mionzi, kabla ya siku ile ya kwanza, kwa sababu baada yake mambo haya hayarudishwi nyuma. Daktari asipoianzisha mada hii, ianzishe wewe, hata kama mama mkwe yuko chumbani. Mwombe atoke kidogo.